Kabla ya kumwaga rezini juu ya foto, pitisha kole kwanza

Chukua karatasi ya kufungia mandazi, ile unapewa asubuhi kando ya barabara. Ilipokuwa kavu ilikuwa nyeupe, haionyeshi kitu. Mafuta yakishapenya, pale pa mafuta panakuwa peusi-peusi na unaona hata vidole vyako upande wa pili. Hakuna mtu wa Butembo ao wa Beni ambaye hajaona jambo hilo. Rezini ya maji-maji inafanya karatasi ya foto kitu kile kile, na ikishaganda hakuna tena njia ya kuitoa.

Tunaandika juu ya hiyo sababu katika miji yetu miwili kazi ya rezini imeanza kuonekana. Vijana wanajifunza kwa video za simu, wananunua chupa mbili, moja ya rezini na moja ya dawa ya kuigandisha, wanatengeneza vishika-funguo, mikufu, vibao vya mezani. Ndani wanatia ua, mbegu ya kahawa, kipande cha kikwembe cha ndoa. Lakini kitu ambacho watu wanaomba zaidi ni foto. Na foto yenyewe, mara nyingi, ni ya mtu ambaye hayuko tena.

Hapa hatuhitaji kueleza sana. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritware ya Beni yamekata familia nyingi, na watu wengi wamekimbia na nguo za mwilini tu, albamu ikabaki nyumbani, nyumba ikachomwa. Ebola nayo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliacha watu ambao hawakuosha maiti ya ndugu yao wala kumgusa. Kwa familia ya namna hiyo, foto ndogo ya kadi ya uchaguzi ao ya siku ya ubatizo njo uso wa mwisho uliobaki. Fundi akiiharibu, hawezi kusema atarudisha pesa na mambo yaishe.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe niliharibu moja. Ilikuwa ya mjomba, kaka mkubwa wa mama, amesimama mbele ya duka na koti ya rangi ya kaki. Niliona kazi ni rahisi: kukata, kuweka ndani ya kalibu, kumwaga. Kesho yake koti ilikuwa imekuwa kama yenye kulowa mvua, kipande cha shavu kilikuwa kimekuwa cheusi, na kwenye pembe maandiko ya mpiga foto ya upande wa nyuma yalikuwa yanaonekana kupitia uso wake. Haikuwa kopi. Ilikuwa ile ile ya asili. Mama hakusema neno, alikifunga tu kile kitu ndani ya kitambaa na kukirudisha sandukuni.

Kwa nini inakuwa hivyo? Karatasi si kitu kigumu chote. Ni nyuzi ndogo-ndogo zimelaliana, na katikati ya nyuzi kuna hewa. Mwanga ukifika unagonga nyuzi, unagonga hewa, unarudi huku na huku, na macho yetu yanaona weupe. Mafuta ao rezini vikichukua fasi ya ile hewa, mwanga haurudi tena, unapita. Weupe unaisha. Foto za labo, zile zenye uso wa kung'aa wa plastiki, ziko na kinga mbele na mara nyingi hata nyuma, lakini pembeni pale mkasi ulipokata, karatasi iko wazi. Rezini inaingia kwa pembeni na kutembea ndani polepole kama maji katika ukuta wa udongo. Ndiyo maana utaona foto imeanza kuwa nyeusi kwenye kona kwanza.

Tatizo la pili ni mapovu. Chukua tofali la kuchoma lililo kavu, litumbukize ndani ya ndoo ya maji. Unasikia linafanya tsss, na mapovu yanapanda. Ni hewa iliyokuwa ndani ya tofali inafukuzwa na maji. Mbegu ya kahawa, gome la mti, kitambaa, ua kavu, kipande cha mbao, vyote ni matofali madogo. Na rezini ina ubaya mmoja kupita maji: inapoanza kuganda inatoa joto lake yenyewe, na joto linaivimbisha ile hewa iliyobaki ndani. Kwa hiyo mapovu hayatoki tu siku unapomwaga. Yanatoka pia baadaye, wakati rezini imekuwa nzito kama asali na povu haliwezi tena kupanda mpaka juu. Linabaki pale, katikati ya paji la uso wa mtu.

Dawa yake ni kuziba vile vitundu kabla. Na kitu cha kuzibia hakitoki mbali. Ni kole nyeupe ya maremala, ile wanaunganisha nayo miguu ya kiti, inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Ikiwa ndani ya kopo ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa wazi kama kioo. Mjerumani Fritz Klatte njo aligundua katika mwaka 1912 kemia iliyozaa kole hiyo. Rezini ya epoksi yenyewe ilikuja baadaye: Pierre Castan, Mswisi, aliandikisha uvumbuzi wake katika miaka ya 1930, na yeye alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Leo tunatia ndani foto za wazee wetu.

Si kila kole inafaa. Kole ya viatu, ile ya manjano yenye kunusa kichwa, acha. Ina dawa kali inayoweza kuyeyusha rangi ya foto, na inabaki na rangi yake. Ile kole ndogo ya kushika mara moja, inayobana hata vidole, nayo inaacha moshi mweupe juu ya kitu, na huo moshi utaonekana milele chini ya rezini. Verni ya wazi inaweza kufanya kazi, lakini ijaribu kwanza juu ya kitu kisicho na thamani.

Sasa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kole: usitumie foto ya asili. Piga kopi. Fundi mzuri, mama akimletea foto, atamuuliza: «Mama, muko na ingine ya kufanana na hii?» Kama hakuna, foto inaskaniwa ao inapigwa vizuri kwa simu penye mwanga wa dirisha, inahifadhiwa fasi mbili, halafu inachapwa upya. Kopi njo inaingia ndani ya rezini. Kama mteja anakataa, anataka ile ile ya asili juu ya kuwa marehemu aliishika kwa mikono yake, basi ni uamuzi wake, lakini aambiwe wazi kwamba haitatoka tena. Kwa maoni yangu fundi ana haki hata ya kukataa kazi hiyo.

Angalia pia kopi imechapwa kwa mashini gani, sababu hapa watu wengi wanaanguka. Mashini ndogo za wino wa maji-maji zinatoa foto nzuri, lakini wino wao mara nyingi unayeyuka kwa maji. Na kole nyeupe ni ya maji. Ukipitisha burashi, midomo inaenda kwenye shavu. Mashini ya leza, ile ya wino wa unga unaochomwa juu ya karatasi, haina tatizo hilo, na foto za labo pia zinavumilia koti nyembamba ya kole. Kama uko na wino wa maji tu, acha foto ikauke siku moja nzima, kisha mwagia kwanza verni ya kupuliza, nyembamba, mara mbili, halafu ndiyo upitishe kole. Na kila mara jaribu kwa kichapo cha pili cha foto ile ile. Karatasi moja zaidi haigharimu kitu ukilinganisha na machozi.

Kwa karatasi, kole isiwe na maji mengi, ama karatasi itajikunja. Ichukue vile ilivyo kwenye kopo, kidogo sana, uitandaze na burashi laini ao na kidole safi mpaka ionekane kama pazia tu. Upande wa mbele, acha ikauke. Upande wa nyuma, acha ikauke. Halafu pembeni zote nne, polepole, sababu pembeni njo mlango. Kisha rudia yote mara ya pili. Koti mbili nyembamba zinapita koti moja nene, maana ile nene inakauka juu huku ndani ikibaki mbichi.

Kwa mbegu, majani na magome, unaweza kuongeza maji kidogo, sehemu moja ya maji kwa sehemu tatu za kole, ili iingie kwenye vitundu. Chovya, tikisa, weka juu ya waya ao juu ya plastiki, geuza mara kwa mara isishikamane. Kikwembe kinafanywa hivyo pia: bila kole rangi zake zinakuwa nzito na kitambaa kinaonekana kama kimeloa, na kole kinabaki karibu vile unavyokijua. Noti za zamani za zaïre, ambazo wazee wengine bado wanazo kwenye Biblia tangu franga ya Kongo ilipokuja mwaka 1998, ni karatasi kama karatasi ingine, zinahitaji kole pande zote. Shanga, vyuma, vioo, mawe magumu ya kung'aa havina haja ya kole, vipanguse tu mafuta ya vidole.

Kole lakini haikaushi kitu. Watu wanasahau hapo. Ukifunga ua bichi ndani ya kole, umefunga maji ndani, na baada ya wiki chache ua litakuwa la kahawia na kuzungukwa na ukungu. Kitu kiwe kimekauka tayari. Wakulima wetu wanajua vipimo: kahawa inayouzwa vizuri inashushwa mpaka unyevu wa karibu asilimia 11 ao 12, kakao ya Beni mpaka karibu asilimia 7. Kwa rezini, kavu zaidi ni bora zaidi. Kahawa ya kukaanga ni shida ingine, inatoa mafuta juu ya ngozi yake na rezini haiishiki vizuri. Mimi ningechagua ile ya kijani, isiyokaangwa, ikae siku kadhaa karibu na jiko, halafu kole.

Kujua kama umeziba vizuri kuna njia rahisi, na inaturudisha kwa mandazi. Kata kipande kidogo cha kichapo kile kile, kipitishe kole sawa na foto, kikauke. Tia tone moja la mafuta ya kupikia, ngoja saa moja, panguse. Kama karatasi imebaki nyeupe, umeziba. Kama kuna doa linalopitisha mwanga, kuna tundu, na rezini italipata. Usifanye hivyo juu ya foto yenyewe, bila shaka.

Kukauka ndiko kunakotenganisha Butembo na Beni. Barabara kati ya miji hii ni kilometa kama 54, lakini hali ya hewa si moja. Butembo iko juu, karibu na meta 1.700 na zaidi, asubuhi ukungu, jioni koti. Beni iko chini, joto zaidi. Kole ambayo Beni imekauka mchana ule ule, Butembo wakati wa mvua ya Oktoba inaweza kuomba siku mbili. Usidanganywe na kidole: juu inaweza kuwa ngumu na chini bado maziwa. Angalia rangi. Kama kuna weupe wowote kwenye kona, ngoja. Ule weupe ukifunikwa na rezini hautaondoka tena, maji hayana tena fasi ya kutokea.

Rezini nayo inasikia baridi. Chupa nyingi zinaandikwa kwamba zinataka joto la digri 20 hadi 25. Usiku wa Butembo haufiki huko. Rezini ya baridi inakuwa nzito, inashika mapovu, na inakawia kuganda. Mtu anafikiri amenunua bidhaa ya uongo kutoka Kampala wakati ni chumba tu kina baridi. Weka chupa, zikiwa zimefungwa vizuri, ndani ya beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, uzipanguse kabisa kabla ya kufungua, na ufanye kazi mchana. Maji yasiingie hata tone. Beni, kinyume chake, rezini nyingi ndani ya kopo moja inaweza kuchemka yenyewe, kutoa moshi na kupasuka-pasuka. Kule changanya kidogo-kidogo.

Kuchanganya hakufanywi kwa macho. Rezini zingine ni sehemu moja kwa moja, zingine mbili kwa moja, zingine tatu kwa moja. Soma kwenye chupa, pima na serengi ya famasi isiyo na sindano, moja kwa kila chupa. Kuongeza dawa ya kugandisha ili igande haraka ni kosa ambalo limepoteza kazi nyingi: epoksi yenye kipimo kibaya inabaki ya kunata milele. Koroga polepole dakika tatu hadi tano, ukikwaruza pembeni na chini ya kopo. Ukikoroga kwa nguvu kama uji unaingiza hewa mwenyewe, na kole haitakusaidia hapo.

Mwaga koti ya chini kwanza, milimeta chache. Ngoja iwe kama jeli, saa kadhaa, weka foto juu yake, uibonyeze taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine ili hewa itoke chini, halafu mwaga koti ya juu. Ukilaza foto moja kwa moja chini ya kalibu inaelea ao inapinda. Vipovu vilivyo juu vinapasuka ukipitisha moto wa kiberiti cha gesi kwa haraka sana, bila kusimama fasi moja. Funika na sanduku, maana vumbi letu halina huruma. Saa 24 bila kugusa, Butembo mara nyingi 48 ao zaidi.

Maremala wanauliza kama wanaweza kutumia kole hiyo hiyo kwa meza za libuyu wanazojaza rezini kwenye nyufa. Kwa meza, hapana. Kole nyeupe inalainika kwa joto na kwa maji, na meza ni fasi ya sufuria na ya chai. Rezini ikishikilia kole badala ya kushikilia mbao, siku moja itabanduka. Kwa mbao ziba na rezini yenyewe: koti nyembamba, uipake na burashi, uache iingie, ikishakuwa ya kunata kidogo mwaga ile kubwa. Na mbao iwe kavu kweli, isiwe imeshuka kutoka kwenye lori wiki iliyopita.

Neno juu ya mwili wako pia. Dawa ya kugandisha epoksi inaweza kuleta mzio wa ngozi, na ukishaupata hauondoki: kila mara utakapoigusa, mikono itawasha. Vaa glavu, fungua madirisha, weka watoto mbali. Kuna rezini ingine inayouzwa kwa watengenezaji wa mabati ya fibra, ya polyesta, yenye harufu kali sana. Ile inashika moto kwa urahisi. Usiitumie penye mbabula, wala usiitumie juu ya foto kama huna uzoefu, harufu yake ni dawa inayoyeyusha vitu vingi. Na maji ya kunawa yenye rezini mbichi yasiende kwenye mfereji. Acha mabaki yagande ndani ya kopo, halafu yatupe na takataka.

Kikishatoka ndani ya kalibu, kishika-funguo kisikae dirishani penye jua ao juu ya dashibodi ya gari. Epoksi inakuwa ya manjano kwa jua, na kole haizuii hilo. Toboa tundu la pete mbali na karatasi, milimeta tano angalau, sababu ukikata pembeni ya foto umefungua tena ule mlango uliokuwa umeufunga, na jasho la mkono litaingia. Foto ya asili inarudi nyumbani na mwenyewe, ndani ya bahasha ya karatasi, siyo ya plastiki, juu ya unyevu wa huku kwetu.